Kitani Kilichokataa Kusinyaa

4 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Simu najua huitaki, unasema unasikia nusu na nusu nyingine unajijazia mwenyewe, kwa hiyo nimenunua bahasha kumi tuandikiane kama watu wa zamani.

Daktari amenifungia ndani. Mimba imeingia mwezi wa sita, na kwa jinsi zile mbili za kwanza zilivyotoka, hataki hata nishuke ngazi. Duka la dawa wamenipa likizo. Mwalimu akishaenda shule nabaki na redio na kuta nne. Vigae vya bafuni nimeshavihesabu: mia moja na kumi na viwili, kimoja kimepasuka.

Sasa nataka kumtarizia mtoto kitambaa cha kumpokelea, kama ulichonitarizia mimi, na kama Bibi alichokutarizia wewe. Wale wawili sikuwaandalia chochote, niliogopa kujipa moyo. Huyu nataka ajue kuwa anasubiriwa.

Tatizo sijui pa kuanzia. Mwalimu aliniletea kitu akasema ni kitani. Nikachomoa uzi mmoja nikauwashia kiberiti, ukayeyuka na kunuka plastiki. Amenuna mpaka leo. Niambie kitani gani, uzi gani, sindano gani, na nakitayarishaje. Niandikie polepole, maana ulipokuwa unanifundisha utotoni nilikuwa nakimbia.

Wako,
Sindano
(japo kwa tumbo hili sasa ni jora zima)


11 Februari

Mwanangu Sindano,

Marahaba. Kukimbia ulikuwa unakimbia kweli, na mdomo ukitangulia mbele.

Mwambie mumeo asinune, ametapeliwa kama wengine. Kitani hakichaguliwi kwa macho. Kilaze shavuni. Kitani cha kweli ni baridi hata mchana wa jua kali. Macho yangu siku hizi yana ukungu, lakini shavu halijaota ukungu. Nimefungua sanduku langu, nimepapasa, nimelaza shavu, nimekupatia kipande nilichonunua mwaka juzi. Ndicho hiki. Urefu sentimita tisini, upana sabini. Fundi Viatu, jirani yangu wa chini, ndiye aliyekifunga, kwa hiyo ukikuta harufu ya gundi usishangae.

Sikiliza kwa makini. Kabla ya maji, zungushia kingo zote mishono ya kuzifunga, la sivyo zitafumuka. Halafu osha kwa maji ya moto na sabuni ya mche isiyo na marashi. Usikamue! Kitani kikikamuliwa kinashika mikunjo isiyosamehe. Kitundike kijinyooshe chenyewe, na kikiwa bado na unyevu kipige pasi kwa nyuma. Kisha rudia. Mara tatu, si mbili. Kitasinyaa, na ndiyo maana yake. Bora kisinyae sasa kikiwa kitupu kuliko baadaye kikiwa na kazi ya mtu juu yake. Namjua mtu aliyeiruka hatua hii.

Uzi uwe wa pamba, ule wa nyuzi sita, utumie mbili tu. Lowesha kila rangi uibane kwenye pamba nyeupe uone kama inachuja. Sindano iwe namba saba, yenye tundu refu. Na uzi usizidi urefu wa kidole mpaka kiwiko. Uzi mrefu ni wa mvivu.

Pima kila ukiosha, uniandikie.

Shangazi yako


20 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Mzigo umefika, unanuka gundi kweli. Nililaza shavu, nikapata baridi mpaka mwili ukanisisimka. Mtoto akacheza palepale. Mwalimu kasema ameshaanza kujua vitu vizuri.

Nyuzi nimenunua, nyekundu inachuja kama damu ya pua, nimeiweka kando. Buluu na kijani zimetulia. Kingo nimezifunga, zimepinda kidogo lakini zimefunga.

Nimeosha mara ya kwanza. Kwenye bomba la pazia la bafu sifiki, kwa hiyo nilikitundika juu ya mlango wa bafuni, ukingo wa juu nikaubana na pini, na wa chini nikauwekea alama ya penseli kwenye fremu ya mlango. Shangazi, usinicheke. Kabla ya kuosha kilikuwa tisini. Baada ya kuosha ni mia moja na nne. Mimi ni mtu wa duka la dawa, kupima ndiyo kazi yangu. Nikamwita Mwalimu apime na futi yake ya shule. Mia moja na nne. Je, kuna kitani kinachorefuka?

Na pembeni kuna vitundu vidogo vidogo, vingi. Ni wadudu?

Sindano wako


26 Februari

Sindano,

Leo naandika kwa mkono wa Fundi Viatu, ukungu umekuwa mzito. (Mimi Fundi nakusalimu, na Mwalimu pia. Viatu vyake vya kahawia viko tayari tangu mwezi wa kumi na mbili.)

Kitani hakikui. Kitani si mtoto wala si unga wenye hamira. Umekivuta kwa pasi, wewe! Pasi huwekwa na kuinuliwa, haiburutwi kama fagio. Osha tena, kitajirudi chenyewe.

Vitundu gani? Sikukupa kitambaa chenye vitundu. Nilichonunua mwaka juzi kilikuwa bado kwenye karatasi ya duka. Hebu kiinue dirishani uniambie vimekaaje, vimetawanyika au vimejipanga. Nijibu hilo kwanza kabla ya mengine.

Shangazi yako
(Mkono ni wangu, maneno ni yake. Aliposikia habari ya vitundu aliiacha chai ikapoa. Fundi.)


5 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Pasi nimeiinua kama yai. Kuosha mara ya pili: mia moja ishirini na moja. Alama ya pili ya penseli ipo chini ya ya kwanza. Mwalimu kaiangalia akacheka, akasema huyu sasa ni wa darasa la pili, tumtafutie sare. Nami nikacheka, ila kicheko hakikufika mbali.

Chini ya kitambaa kulikuwa na maji sakafuni, kama kawaida ya nguo mbichi. Lakini yalijikusanya sehemu mbili, moja huku na moja huku, sawasawa, madogo marefu. Nimeyapiga deki. Nimejiambia ni matone tu.

Vitundu vimejipanga. Nilivyokiinua dirishani nilimwona ndege. Kichwa, mkia, na bawa moja. Kuna mtu alitarizi hapa akafumua, sivyo? Ni kazi yako? Ni nzuri mno, Shangazi. Sikuwa na mchoro wowote wa kwangu, basi nikachukua uzi wa buluu nikaanza kufuata vitundu. Najua umesema mara tatu na mimi nimeosha mbili tu. Nilisema nitajaribu kidogo. Nikainua kichwa, Mwalimu ameshatoka shule na bawa limekwisha. Wala sikuhisi kama nasukuma sindano. Ilikuwa inanitangulia.

Nikikiweka tumboni mtoto anatulia tuli. Nikikiondoa anahangaika. Siku hizi nalala nacho.

Sindano wako


8 Machi

Sindano,

Naandika mwenyewe. Mistari imepandana, soma hivyohivyo.

Nimefungua sanduku tena. Kipande cha mwaka juzi kipo, ndani ya karatasi yake. Nilikosea. Nilichokutumia ni kingine.

Usikioshe tena. Usitie sindano. Usikifumue. Kirudishe upesi, usingoje barua nyingine.

Shangazi


13 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nne, na kila mara imeniuma.

"Kirudishe." Basi, hakuna hata pole? Nimekuelewa. Umekumbuka wale wawili, umeona kitambaa chako kizuri kinaharibika bure kwa mtoto ambaye huenda asifike. Sema tu. Wote mnaniangalia hivyohivyo, muuguzi, mama mkwe, hata muuza maziwa. Nilidhani wewe ni tofauti.

Umechelewa pia. Nimeshakiosha mara ya tatu, siku moja kabla ya barua yako kufika. Mia moja na hamsini. Maji ya sakafuni safari hii yalikuwa makubwa, na sitakuficha, yalikuwa na vidole. Nilikaa kitandani mpaka yakakauka.

Na asubuhi nilikuta vitundu vipya. Jana upande wa kushoto wa ndege hapakuwa na kitu, leo vimejipanga bawa la pili. Sijavigusa. Mkono unaniwasha kuvifuata.

Kingine, kwa kuwa nimeanza kusema basi nimalize. Kliniki wamenipima tumbo kwa futi. Halijaongezeka hata nusu sentimita tangu mwezi uliopita. Daktari anasema mtoto amesimama kukua, moyo unapiga ila amesimama. Akisimama hivi wiki mbili nyingine, watanilaza. Sitaki kumpoteza huyu, Shangazi. Nikimpoteza huyu sijui nitabaki na nini. Na wewe unanidai kitambaa!

Sindano


19 Machi

Mwanangu, mwanangu,

Laiti miguu yangu ingekuwa na nguvu ningekuja mwenyewe nikupige kofi kisha nikukumbatie. Mtoto wako namtaka kuliko macho yangu. Kosa ni langu, nimeandika kama mtu anayetoa amri. Nilikuwa naogopa, na aibu ilinishika kalamu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sasa nasema.

Kabla hujazaliwa wewe nilikuwa na binti. Baba yako alijua, Bibi yako alijua, kisha tukakaa kimya wote, na kimya kikawa mazoea.

Nilikuwa nashona mashuka ya hospitali. Mchana mashuka, nikirudi nyumbani kitambaa cha mtoto. Nilipata kitani kizuri, kizuri kuliko vyote. Bibi yako akasema osha mara tatu. Mimi nikaona siku tatu za kuosha na kukausha ni nyingi, na mikono inaniwasha kuanza. Nikasema kitani ni kitani. Nikaanza ndege wa buluu juu ya kitambaa kibichi. Mwili, mkia, bawa moja. Mtoto akaja mapema, bawa la pili halijaanza.

Aliishi siku tatu. Nilimfunga kwenye kile kitambaa, akakilowesha kama watoto wote, nikakiosha kwa furaha. Kikasinyaa. Ndege akakunjamana, akawa kama uso wa kizee. Siku ya tatu mtoto akaenda.

Bibi yako akaniambia, mfunike na chake. Nikaangalia ile mikunjo. Mimi, mtarizi ambaye watu wanapanga foleni mlangoni kwake, mwanangu aende na kazi mbovu vile, waombolezaji waione? Nikamfunika kwa shuka la hospitali, lenye namba pembeni. Kitambaa nikakificha. Baadaye nikamfumua ndege uzi kwa uzi, nikakipiga pasi, nikakifungia sandukuni. Nilimnyima mwanangu nguo yake kwa ajili ya jina langu la ufundi. Miaka thelathini na mitatu, Sindano. Sijawahi kulisema hili kwa sauti.

Sasa nilikosea nikakichukua kwa shavu, kwa sababu ndicho kilichokuwa baridi zaidi.

Mimi si daktari. Lakini kitambaa kinakua na tumbo lako limesimama, hesabu hiyo naiona hata bila macho. Wala usimchukie. Hana ubaya. Ni mtoto anavuta nguo yake, hajui aliyeishika ni nani. Anayetakiwa kuvutwa ni mimi.

Mpe Mwalimu akilete mwenyewe. Usikifumue, nilishamfumua mara moja inatosha. Kile cha mwaka juzi nitampa arudi nacho, hicho hakina historia yoyote isipokuwa bei.

Shangazi yako asiyekudai kitu


26 Machi

Shangazi,

Shikamoo, na unisamehe. Nimelia mpaka Mwalimu akadhani uchungu umeanza.

Anaondoka kesho asubuhi. Nilikikunja mwenyewe, ndege akiwa juu apate kuona njia. Hakikuenea kwenye mfuko wa kwanza, nikatafuta mkubwa, na asubuhi hii hata huo umebana. Kabla ya kukifunga nilikilaza shavuni. Sijui kwa nini nilimwambia, "Dada, nenda kwa mama." Nikasikia baridi inaondoka shavuni taratibu, kama mtu aliyeinua kichwa begani kwako.

Mtoto hachezi tangu jana. Niombee.

Sindano wako


9 Aprili

Mwanangu,

Andika, Fundi, usinitungie maneno. (Sitatunga.)

Mwalimu kampigia Fundi simu, nimesikia habari ya tumbo, sentimita tatu kwa siku kumi! Nimecheka peke yangu hapa mpaka Fundi akapanda kuja kuangalia. Ale, alale, akue. Kitani kipya usikiguse mpaka daktari aseme sawa, kisha mara tatu, unajua sasa kwa nini.

Mwalimu alifika amenuna. Kondakta alimdai nauli ya watu wawili, akasema, na dada huyu uliyekaa naye? Akabishana, akalipa. Mpe pole, na umwambie nauli hiyo ilikuwa halali.

Nimekisimamisha kitambaa pembeni yangu. Ukingo wa juu utosini kwangu, wa chini sakafuni. Tunalingana. Amekua akanifikia mamaye, na hakikui tena, nimempa Fundi apime kila siku. (Mia moja sitini na tatu, siku kumi na moja mfululizo.)

Bawa la pili nalitarizi mimi, polepole. (Naomba niseme hapa. Miaka miwili mimi ndiye ninayemtungia uzi sindanoni. Tangu kitambaa hiki kije anatunga mwenyewe, mara moja, bila kuangalia. Na anaongea. Anauliza swali, ananyamaza kiasi cha mtu kujibu, kisha anacheka.) Umemaliza? (Nimemaliza.)

Nitaacha mshono mmoja. Huo nitautia siku ya mwanao, si kabla. Nikiufunga, binti yangu atakuwa amepata chake, ataondoka, na mimi hataniacha nyuma, kwa macho haya nitaijulia wapi njia bila yeye? Sina huzuni, Sindano. Lakini nataka kwanza wa kwako afike. (Nilikataa kuandika haya. Kasema andika, nimeandika. Sijayapenda.)

Kama sitaweza kuja kumpokea, ujue nilitaka.

Shangazi yako


16 Mei

Kwa Binti Sindano na Mwalimu,

Ni mimi Fundi Viatu, leo maneno ni yangu na ni machache. Nimepiga simu ya Mwalimu mara sita, haipatikani, kwa hiyo barua hii itawafikia kabla sijaja mwenyewe.

Shangazi yenu amefariki jana, saa nne asubuhi.

Aliamka mapema, akaoga, akanituma nimletee uzi wa buluu ilhali anao. Nadhani alitaka nitoke. Niliporudi nilisikia kwenye ngazi wakicheka, yeye na mwingine, sauti ya kike, nikafurahi kwamba kapata mgeni. Nikabisha hodi. Kimya. Nikaingia. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha dirishani, kitambaa mapajani, mshono wa mwisho umefungwa na sindano bado inaning'inia. Kiti cha pili, kile anachowekea nguo, kilikuwa kimevutwa karibu naye na nguo zimewekwa chini kwa adabu. Hapakuwa na mtu mwingine, na mlango wa nyumba ile ni mmoja. Sakafuni mbele ya kile kiti palikuwa na maji, nyayo mbili za mtu mzima. Mimi ni mtu wa viatu, nazijua nyayo. Namba thelathini na tisa, sawa na yake.

Uzi nimeukata mimi, kwa kisu changu cha ngozi. Naomba radhi kama nilikosea.

Majirani walileta shuka jeupe. Nikakataa, nikawaambia mama huyu ana chake. Tumemfunika nacho leo, toka utosini mpaka unyayoni, hakikupungua kidole. Ndege alikaa kifuani. Nimemtazama karibu kwa miwani yangu, hana mkunjo hata mmoja.

Poleni sana. Chai nimeipika vikombe viwili kwa mazoea, nimekunywa vyote.

Fundi


17 Mei

Shangazi wangu wee!

Shikamoo, na hongera, umekuwa bibi! Msichana. Juzi, saa nne kamili asubuhi, kilo tatu, mapafu ya mpiga mnada. Leo tumerudi nyumbani. Simu ya Mwalimu ilizama wiki iliyopita kwenye beseni pamoja na kitani, ndiyo maana hukusikia kitu, alikuwa anakiosha yeye kwa furaha kama kichaa.

Lakini nina ugomvi na wewe. Ulikuja, ukaondoka bila kuniamsha!

Mkunga ndiye aliyeniambia. Nilikuwa nimesinzia kwa uchovu. Anasema mama mmoja mtu mzima, macho yana ukungu, aliingia taratibu, akachukua kitani cha mtoto akakilaza shavuni, akasema, "Hiki sawa." Kisha akamfunga mtoto mwenyewe, vizuri kuliko wauguzi. Nani mwingine angefanya vile? Nikamwambia ni shangazi yangu huyo, lakini kafikaje, haoni? Akasema alikuwa ameshikwa mkono.

Nikauliza, na nani? Akasema, na binti yake bila shaka, umri wako hivi, mnafanana wote watatu lakini wao wawili ni shilingi kwa ya pili. Mrefu. Amejitanda nguo nyeupe yenye ndege wa buluu kifuani, nywele zimelowa kama aliyetoka kuoga. Nikamuuliza ndege ana mabawa mangapi. Akanishangaa. Akasema ndege gani asiye na mabawa mawili?

Sikuuliza tena.

Niliogopa kidogo, sitakudanganya. Kisha nikamwangalia mtoto, kafungwa barabara, kalala, na ule woga ukaniishia wote. Nimefurahi kwamba hukuwa peke yako barabarani. Mwambie asante kwa kukuongoza. Mwambie sina kinyongo.

Kitani kipya kimeoshwa mara tatu. Kimesinyaa vidole viwili, kama ulivyosema, tangu hapo hakijaongezeka hata uzi. Mtoto ana sentimita hamsini. Mwalimu kamwekea alama yake kwenye fremu ya mlango, chini kabisa, karibu na sakafu. Alitaka kuzifuta zile nyingine kwa kitambaa, nikamwambia aziache.

Nimechagua uzi wa kijani. Sijaanza, nakungoja uniambie nimtarizie nini. Niandikie upesi, hata mistari miwili kwa mkono wa Fundi, nijue kama mmefika salama.

Sindano wako